Papa, taa na hesabu ya dagaa

Mvua inayonyesha Busunzu haiishii Bahari ya Hindi. Inateremka na vijito vya Kibondo mpaka Malagarasi, inatawanyika kwa muda katika mabwawa ya Moyowosi, inageukia magharibi, inapita Uvinza na kumwagika Ziwa Tanganyika upande wa Ilagala. Ziwa nalo lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga pale Kalemie, unaoyapeleka maji Lualaba, kisha Kongo, kisha Atlantiki. Mtu wa Busunzu akitaka kuyafuata maji ya uwanjani kwake mpaka akutane na papa, hana budi kuikata Kongo nzima, ateremke maporomoko yaliyo chini ya Kinshasa na kutokea Banana, mdomoni mwa mto. Kwenda Dar es Salaam kwa basi ni karibu zaidi, ingawa nako ni zaidi ya kilomita elfu moja.

Ndiyo maana papa na taa si habari za kila siku katika nyanda za juu za Kigoma. Samaki wa huku ni dagaa, mgebuka, kuhe, sangala, na kambare wa mabwawani. Hata hivyo naamini historia ya wanyama hao wa baharini, na hatari iliyowafika sasa, inaeleweka upesi zaidi kwa mtu aliyezoea kununua dagaa kwa kopo gulioni kuliko kwa mtalii aliyekaa ufukweni na kamera. Sababu itaonekana huko mbele. Tuanze na Mwingereza aliyekuja kuitafuta bahari Kigoma.

John Edmund Sharrock Moore alikuwa mwanabiolojia kijana alipofika Ziwa Tanganyika mara ya kwanza, katika safari iliyoanza 1895 na kumalizika 1897. Kilichomvuta ni konokono. John Hanning Speke alikuwa ameokota makombe yao ufukweni mwaka 1858, alipofika Ujiji pamoja na Richard Burton, na wataalamu wa London walipoyatazama walishangaa. Yalikuwa mazito, mengine yana miiba na mikunjo, sawasawa na ya baharini. Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm akaona jambo jingine: ndani ya maji baridi ya ziwa kulikuwa na kiumbe laini, anayepenyeza mwanga, wa ukoo wa viwavi vya baharini vile vinavyowasha waogaji. Mwaka 1893 kiumbe huyo alipewa jina la kisayansi, Limnocnida tanganyicae. Bado yupo, na wakati mwingine hutokea kwa makundi makubwa karibu na uso wa maji.

Moore akaunganisha mambo hayo mawili. Akasema ziwa lenyewe ni kipande cha bahari ya kale, bahari ya zama za Jura, kilichofungiwa bara ardhi ilipoinuka, na wakazi wake ni masalia ya wanyama wa bahari hiyo. Alirudi tena mwaka 1899 kukusanya ushahidi zaidi, na mwaka 1903 akachapisha kitabu kikubwa, The Tanganyika Problem.

Lilikuwa dai zuri, na kwa vielelezo alivyokuwa navyo halikuwa la kipuuzi. Lakini bahari ya Jura ilijaa papa na taa. Samaki wa Moore walipelekwa kwa George Albert Boulenger katika jumba la makumbusho la London, naye akawatambua na kuwapa majina: jamii ya sato na perege kwa aina nyingi za kustaajabisha, kambare, na wengineo. Papa hakuwemo, wala taa. William Alfred Cunnington, aliyekuja na msafara wa 1904 na 1905, hakuona sababu ya kulihusisha ziwa na bahari hiyo. Leo wanajiolojia hulikadiria ziwa kuwa na umri wa miaka milioni 9 hadi 12, ilhali zama za Jura zilikwisha zaidi ya miaka milioni 140 iliyopita. Konokono wa Tanganyika walijipatia umbo lao humo humo ziwani.

Kuna jambo moja ambalo lingemfurahisha Moore kama angaliishi kulisikia. Mwaka 2008 wanasayansi watatu, Anthony Wilson, Guy Teugels na Axel Meyer, walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya dagaa wa Tanganyika, na ikaonekana kwamba mababu wa dagaa kweli walitoka baharini. Waliingia bara kupitia Afrika Magharibi, kati ya miaka milioni 25 na 50 iliyopita, bahari ilipopanda juu ya nchi kavu, wakazoea maji baridi, na vizazi vyao vikaja kufika mpaka huku. Kumbe dagaa anayekaangwa Busunzu ni mwana wa bahari. Alikuja kwa mlango wa Atlantiki tu, na alikuja mdogo.

Papa na taa nao wanaweza kuingia mitoni. Yuko papa mmoja mnene, Carcharhinus leucas, ambaye hupanda mito na kuonekana mamia ya kilomita kutoka baharini. Kusini mwa Afrika amepewa jina la Zambezi kwa tabia hiyo. Amerika Kusini kuna ukoo mzima wa taa wa maji baridi ambao hawaijui tena bahari. Kwa ziwa letu njia ilifungwa na maporomoko ya Kongo, na upande wa mashariki hakuna mto unaotuunganisha na Bahari ya Hindi.

Ukichimba mawe ya Busunzu pia hutapata jino la papa. Miamba ya mchanga na mawe mekundu inayotawala bonde la Malagarasi ni ya kabla ya miaka milioni 540 iliyopita. Wakati huo hakukuwa na samaki mwenye taya popote duniani. Ardhi ya huku ni kongwe kuliko papa, na hilo si jambo dogo, maana papa ni wakongwe mno.

Magamba ya kale zaidi yanayodhaniwa kuwa ya ukoo wao yana umri wa miaka kama milioni 450, ingawa wapo wataalamu wanaobishana kama kweli ni ya papa. Ukitaka mnyama kamili zaidi, yuko Doliodus wa Kanada, mwenye miaka takriban milioni 400. Nchi kavu haikuwa bado na misitu. Miaka milioni 30 baadaye, katika bahari iliyofunika eneo la Cleveland huko Marekani, aliogelea Cladoselache, mwenye mwili mwembamba na mkia wa mwezi mchanga, ambaye hata mvuvi wa leo wa Kizimkazi, Unguja, asingesita kumwita papa.

Tatizo la kuisoma historia hii ni mwili wenyewe. Papa na taa hawana mifupa. Wana gegedu, kitu kile kile kinacholipa sikio lako umbo lake. Gegedu huoza. Kinachobaki kwenye mwamba ni meno, magamba, na mara chache miiba ya mapezi. Kwa muda mrefu vitabu vilifundisha kwamba gegedu ni alama ya unyama wa kale, kwamba papa walianza nalo na sisi wenye mifupa tukawapita. Mwaka 2020 fundisho hilo lilitikiswa. Fuvu la samaki aliyeitwa Minjinia, kutoka Mongolia, mwenye miaka kama milioni 410 na wa kabla papa na sisi hatujatengana, lilikutwa na mfupa wa ndani. Inaelekea mababu wa papa walikuwa na mifupa, wakaiacha. Gegedu ni jepesi, na samaki asiye na kibofu cha hewa tumboni anahitaji wepesi.

Chukua taya la papa mkononi, kama utapata bahati ya kulikuta kwa mvuvi wa Pwani, ulitazame kwa ndani. Safu ya mbele ya meno imesimama. Nyuma yake imelala safu ya pili, na nyuma yake ya tatu, zikielekea ndani ya fizi, zikingoja zamu. Meno ya mbele yakivunjika au kung'oka, ya nyuma yanasogea. Papa mmoja anaweza kutumia maelfu ya meno katika maisha yake. Kisha pitisha kidole juu ya ngozi yake kutoka kichwani kwenda mkiani: laini. Rudisha kidole: inakwaruza, kwa sababu kila gamba ni kijino kidogo chenye ncha iliyoelekea nyuma. Mnyama mzima amevaa meno. Ndiyo maana, pamoja na kukosa mifupa, ameacha vielelezo katika kila bahari iliyowahi kuwapo tangu siku zake.

Tanzania ina vielelezo hivyo, na vinastahili kujulikana zaidi kuliko vinavyojulikana. Kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, kilipata umaarufu kwa mijusi mikubwa ya kale, dinosaria. Mhandisi wa madini Bernhard Wilhelm Sattler aliona mifupa pale mwaka 1906, nchi ikiwa bado inavuja damu ya Maji Maji, na kuanzia 1909 hadi 1913 jumba la makumbusho la Berlin likafanya uchimbaji mkubwa. Kazi ilifanywa na mamia ya vibarua, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani, mtu aliyeifahamu mifupa ile kuliko Wajerumani wengi waliokuja kuitazama. Mizigo ilibebwa vichwani mpaka bandari ya Lindi. Mjusi mkubwa aliyesimamishwa Berlin bado yuko huko, na mjadala wa kumrudisha bado uko huku.

Mjusi huyo amewafunika wadogo. Tendaguru ya miaka milioni 150 iliyopita ilikuwa pwani: mabwawa ya chumvi, ghuba, fukwe za mchanga zilizopandwa na bahari na kuachwa tena. Majini kulikuwa na papa wa aina ya zamani, jamii iitwayo hibodonti, na kulikuwa na taa. Mwaka 2002 Gloria Arratia, Jürgen Kriwet na Wolf-Dieter Heinrich walieleza taa wa aina ambayo haikuwahi kujulikana, wakampa jina Engaibatis schultzei. Walichokuwa nacho ni meno madogo tu, ya kutafuniwa, si ya kuchania. Ni miongoni mwa taa wa kale waliokwishaelezwa kutoka kusini mwa dunia, na ni wa Lindi. Ningependa siku moja kuona mtoto wa darasa la tano akimjua kwa jina kama anavyolijua lile la mjusi.

Taa wenyewe ni papa waliolala chini. Katika zama za Jura ukoo mmoja ulianza kuishi juu ya mchanga, mapezi ya kifuani yakapanuka mpaka yakashikana na kichwa, mashavu ya kupumulia yakahamia tumboni, na macho yakabaki juu. Leo aina za taa ni nyingi kuliko za papa. Hata yule papa upanga, mwenye pua ndefu yenye meno pande zote mbili, kwa ukoo ni taa.

Njiani kulikuwa na misiba. Dunia imepata vifo vikubwa vitano tangu wanyama wajae baharini, na ukoo huu umepita katika vyote. Mwishoni mwa zama za Devoni, miaka kama milioni 360 iliyopita, samaki wengi wenye deraya walitoweka, na papa na jamaa zao wakajaza nafasi. Baadaye wakatokea viumbe wa ajabu kama Helicoprion, aliyekuwa na meno yaliyojizungusha kama kamba ya nanga kwenye taya la chini. Miaka milioni 252 iliyopita bahari ilikaribia kufa kabisa. Papa wachache walivuka. Miaka milioni 66 iliyopita hibodonti wa mwisho walimalizika pamoja na mijusi mikubwa, papa wa leo wakabaki. Papa nyundo, mwenye kichwa kama zana ya seremala, ni mtoto wa juzi kwa hesabu hiyo. Megalodoni, jitu la sinema, alitoweka miaka takriban milioni tatu na nusu iliyopita, na sitapoteza nafasi kwake.

Waliwezaje? Wapo watakaokujibu kwamba papa ni mnyama kamili asiye na kasoro. Jibu hilo halisaidii. Wataalamu hutaja mambo kadhaa: wengine waliishi vilindini ambako misukosuko ya juu haikufika, wengine walikula chochote, na wengi walikuwa na desturi moja inayotuhusu zaidi hapa. Papa na taa huzaa wachache, na huwalea tumboni kwa muda mrefu. Wengi wao hawatagi kabisa; huzaa mtoto aliyekamilika, mwenye meno, anayeweza kuwinda siku hiyo hiyo. Yule papa wa mitoni, Carcharhinus leucas, hubeba mimba karibu mwaka mzima na kuzaa watoto wasiozidi kumi na watatu. Taa mkubwa wa bahari kuu, manta, huzaa mtoto mmoja, kisha hupumzika miaka miwili au zaidi kabla ya mwingine. Papa wa Greenland anakadiriwa kufikia utu uzima akiwa na miaka kama 150.

Dagaa wa Kigoma hufanya kinyume. Stolothrissa, yule mdogo anayejaza magunia, huanza kuzaa akiwa na miezi michache na maisha yake hayazidi sana mwaka mmoja. Huachia mayai maelfu, wengi huliwa, na waliobaki hutosha. Ni mbinu mbili za kubahatisha na kifo. Dagaa huchezea wingi. Papa huchezea uhakika: watoto wachache, wakubwa, waliokwisha kukamilika. Kwa miaka milioni mia nne uhakika ulilipa, kwa sababu baharini hakukuwa na aliyemwinda papa mzima kwa wingi.

Binadamu wa Pwani alianza kumwinda zamani, na kwa karne nyingi hakumtisha. Kila kilichokuwa ndani ya papa kilikuwa na kazi. Ini lake ni kubwa kupindukia, limejaa mafuta, maana ndilo linalomfanya aelee badala ya kibofu cha hewa. Mafuta hayo, sifa, yalipakwa kwenye mbao za majahazi yasipasuke kwa jua na chumvi, na aliyewahi kupita karibu na jahazi jipya lililopakwa sifa haisahau harufu yake. Nyama ilitiwa chumvi na kukaushwa kuwa ng'onda. Hapo tena mwili wa papa unajieleza: ili asikaushwe na chumvi ya bahari, huhifadhi damuni urea, taka ambayo sisi huitoa kwa mkojo. Akifa urea hugeuka amonia. Ndiyo sababu papa hatendewi kama changu au kolekole. Huchemshwa, maji ya kwanza humwagwa, ndipo huungwa kwa nazi, na kwa waliokulia Unguja au Lamu hakuna mchuzi unaoushinda.

Biashara ilikwenda na pepo. Majahazi ya Oman na Hadhramaut yalishuka na kaskazi yakileta tende, chumvi na papa mkavu, na kurudi na kusi yakibeba boriti za mikoko. Mwaustralia Alan Villiers alisafiri na jahazi la Kuwait katika msimu wa 1938 na 1939, akawaona mabaharia wakipakia boriti katika delta ya Rufiji. Kumbuka jina hilo, Rufiji. Mikoko ile ile iliyokatwa kwa ajili ya nyumba za Ghuba ndimo watoto wengi wa papa na taa hujificha miezi yao ya kwanza.

Kisha vitu vitatu vilibadilika katika karne ya ishirini, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na nia mbaya. Nyuzi za nailoni ziliingia kwenye jarife, ule wavu wa matundu makubwa unaowekwa kwa papa na taa. Hauozi, hauonekani majini, na hufanya kazi usiku mwenyewe amelala. Mashine zilifungwa kwenye mashua. Na soko la mapezi la Asia ya Mashariki, ambako mapezi ya papa ni supu ya harusi na heshima, likafika mpaka kwa mchuuzi wa Zanzibar na Mombasa. Meli kubwa za bahari kuu zilikuwa na desturi ya kukata mapezi na kuutupa mwili majini. Mvuvi wetu wa Pwani hafanyi hivyo. Yeye huuza pezi na kula au kuuza nyama, na ni haki kumtenga na picha ile ya kikatili inayotembea duniani. Ila kwa papa aliyenaswa, tofauti hiyo haina faida.

Hesabu za dunia ni hizi. Mwaka 2014 kundi la wataalamu wa IUCN, shirika linaloandaa Orodha Nyekundu ya viumbe vilivyo hatarini, lilikadiria kwamba robo ya aina zote za papa na taa zimo katika hatari ya kutoweka. Walipozipitia tena aina 1,199 na kuchapisha matokeo mwaka 2021, robo ilikuwa imekuwa zaidi ya theluthi. Nicholas Dulvy na wenzake walikuta kwamba uvuvi unahusika na kila aina iliyo hatarini, na kwa theluthi mbili ya aina hizo ndio tishio pekee lililotajwa. Mwaka huo huo jarida la Nature lilieleza kwamba papa na taa wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 tangu 1970. Taa, ambao hawatengenezewi filamu, wako pabaya kuliko papa. Mwaka 2019 karibu aina zote za taa wakubwa wenye umbo la gitaa ziliingizwa kwenye daraja la hatari kubwa kabisa, na kati yao wamo wanaoishi kwenye mchanga wa pwani yetu. Mapema mwaka 2018 kundi lingine lilikuwa limepima jambo tofauti: kila aina ya papa au taa, kwa wastani, imebeba peke yake miaka milioni 26 ya historia isiyo ya mwingine yeyote. Hakuna kundi jingine la wanyama wenye uti wa mgongo lenye wastani mkubwa hivyo. Katika orodha inayounganisha upekee huo na hatari ya kutoweka, papa upanga aliwekwa juu kabisa. Alikuwa wa Rufiji pia. Upanga wake wenye meno hunasa kwenye wavu wowote, na ukinasa haunasuki.

Sasa turudi ziwani. Tarehe 15 Mei 2024 Tanzania ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Kigoma ililalamika, Kasulu na Kibondo zikaionja gulioni, na bado mantiki ya hatua ile ilikuwa rahisi kueleza hata kwa aliyeumizwa nayo. Miezi mitatu ni sehemu kubwa ya maisha ya dagaa. Aliyekuwa mtoto Mei anaweza kuwa mzazi Agosti. Mwenye mtumbwi anapumzisha nyavu, anakopa, anabana matumizi, na anajua tarehe ya kurudi majini.

Peleka mantiki hiyo baharini uone inavyovunjika. Papa nyundo wa kike anaweza kuchukua miaka kumi na zaidi kabla ya mimba ya kwanza. Funga bahari miezi mitatu: hata mimba moja haijatimia. Funga mwaka: aliyezaliwa mwanzoni bado ni mtoto. Ili idadi irudi unahitaji kuwaacha watu wazima, hasa majike, kwa miaka ambayo ni mirefu kuliko muhula wa mbunge, mirefu kuliko mkopo wowote wa mashine, pengine mirefu kuliko muda uliobaki wa kazi wa mvuvi mwenyewe. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaohubiri kwamba shida ni elimu. Mvuvi wa jarife anajua kwamba papa wamepungua. Ndiye wa kwanza kujua, maana mafuta ya mashine hulipwa naye. Kinachokosekana ni cha kumpa badala yake kwa muda mrefu hivyo.

Mafia imepata nafasi ya kipekee. Mbele ya Kilindoni, hasa kuanzia Oktoba mpaka Februari, papa potwe huja karibu kabisa na pwani kula vijidudu vya majini. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, na hana madhara. Wengi wa Mafia ni madume ambao hawajapevuka. Ilidhaniwa kwamba msimu ukiisha wanakwenda zao mbali, lakini utafiti uliochapishwa 2015, uliotumia vifaa vya sauti vilivyofungwa miilini mwao, ulionyesha kwamba wengi hubaki karibu mwaka mzima. Wanashuka tu chini ambako macho hayafiki. Wageni hulipa kuogelea nao, na wenye boti wamepata sababu ya kumtaka hai. Ni vyema. Lakini nani atalipa kuogelea na taa wa kahawia aliyejifukia kwenye tope la Rufiji?

Kwa huyo, mambo yanayoweza kufanyika hayana mvuto wa picha. Kuacha mikoko ya delta isimame. Kutokuweka majarife katika vijito ambamo majike huingia kuzaa, kwa majira yanayojulikana na wazee wa vijiji vyenyewe. Kumrudisha majini taa angali hai, jambo linalowezekana, kwa kuwa wengi wao hustahimili muda mrefu zaidi kwenye sakafu ya mashua kuliko samaki wengine. Sheria ya biashara ya kimataifa nayo imesogea: mkutano wa 2013 wa CITES, mkataba wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, ulianza kuwabana wauzaji wa papa nyundo, wa 2019 ukaongeza taa wa umbo la gitaa, na wa 2022 ukaingiza ukoo mzima wa papa ambao mapezi yao hujaza soko. Sheria hizo hukagua mzigo bandarini. Hazimkuti mnyama aliyeliwa kijijini, na pwani yetu sehemu kubwa huliwa kijijini.

Mvuvi wa Kibirizi, Kigoma, aliyefungiwa ziwa mwaka 2024 aliambiwa Agosti. Hakuna ofisa wa uvuvi yeyote, kwa biolojia ya mnyama huyu, anayeweza kusimama mbele ya mwenye jarife wa Rufiji na kumtajia mwezi.